Maswali ya Wasomaji: Ndani ya Chumba cha Kazi cha Mchoraji

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na zinahusu vyumba vya kazi vya wachoraji mashuhuri vinavyotunzwa ili watu wavitembelee. Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la mmoja litamsaidia mwenzake.

Mimi ni muuguzi hapa Mbeya. Mwezi wa tisa nakwenda Marseille, Ufaransa, kwa mafunzo. Nimeambiwa jirani na hapo, katika mji wa Aix-en-Provence, chumba cha kazi cha mchoraji Paul Cézanne bado kipo. Nitakuwa na siku moja tu ya mapumziko. Je, safari hiyo inafaa, na nikifika niangalie nini? Mimi si mchoraji, napenda picha tu.
*Msomaji, Forest, Mbeya*

Nenda, ndugu yetu, na siku moja inakutosha kabisa. Kutoka Marseille hadi Aix ni safari ya basi isiyofika saa moja. Chumba chenyewe kiko kwenye kilima cha Lauves, kaskazini mwa mji. Kutoka katikati ya mji utatembea kama nusu saa ukipandisha, na mtu aliyezoea miinuko ya Mbeya hatahema. Nunua tiketi mapema kwa intaneti. Tiketi huandikwa saa ya kuingia na watu huingizwa kwa makundi madogo, hivyo ukienda mikono mitupu unaweza kufika mlangoni ukaambiwa nafasi zimekwisha. Angalia pia siku za kufungua kabla hujapanga safari. Nyumba imefanyiwa ukarabati mkubwa miaka ya karibuni, na ratiba hubadilika kwa msimu.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba hapo hutakuta picha zake maarufu ukutani. Zimesambaa katika makumbusho ya Paris, London, Philadelphia na kwingineko. Wageni wengi huingia wakitafuta picha, wasizione, wakapiga kwa simu picha mbili tatu za kofia na makoti yaliyotundikwa, wakatoka baada ya dakika kumi. Wanakuwa wamekikosa kitu chenyewe, maana kinachotunzwa pale ni mahali pa kazi. Cézanne alinunua shamba lile Novemba 1901, akajenga nyumba kwa mahitaji yake mwenyewe, akaanza kuitumia 1902, na akafanya kazi humo mpaka alipofariki Oktoba 1906. Kila kilichomo kiliwekwa kwa sababu.

Kwa hiyo anza na dirisha. Upande wa kaskazini karibu ukuta mzima ni kioo, na upande wa kusini kuna madirisha mawili ya kawaida. Simama katikati ya chumba dakika tano bila kupiga picha, utazame jinsi mwanga wa kaskazini unavyotua juu ya meza: haukati vivuli vikali, na hausogei haraka jua linaposogea. Mchoraji aliyekuwa akikaa na matunda yale yale kwa siku nyingi alihitaji mwanga usiogeuka kila baada ya robo saa.

Kisha tazama kuta. Zimepakwa kijivu, na ni yeye aliyechagua. Ukuta mweupe unarudisha mwanga juu ya vitu na kufuta vivuli vyake. Ukuta wa njano au wa kijani unavipaka vitu rangi yake. Kijivu hakisukumi upande wowote, ndiyo maana jicho linaweza kupima rangi kwa haki.

Usikose upenyo mwembamba mrefu ukutani, pembeni ya dirisha kubwa. Watu hupita bila kuuona. Chumbani humo alikuwa akichora kundi la wanawake wanaooga, na moja ya picha hizo, iliyoko Philadelphia leo, ina kimo cha zaidi ya mita 2 na upana wa kama mita 2 na nusu. Ngazi za nyumba hazipitishi kanvasi ya ukubwa huo. Ule upenyo ulikuwa mlango wa picha. Ngazi ndefu ya mbao iliyomo chumbani nayo ni ya kazi hiyo hiyo, ya kufikia sehemu ya juu.

Mwisho nenda kwenye rafu: mitungi, chupa, mafuvu, na sanamu ndogo ya plasta ya Kupido, mungu wa mapenzi wa Warumi wa kale. Kabla hujatoka Mbeya, hifadhi kwenye simu picha yake yenye sanamu hiyo, iliyoko katika jumba la Courtauld huko London. Ukiwa mbele ya rafu, ifungue na ulinganishe. Sanamu halisi ni ndogo na nyeupe ya kawaida. Katika picha, weupe wake umejengwa kwa buluu, kijani na njano ya udongo, na sanamu inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Kulinganisha huko kutakufundisha zaidi ya maelezo yoyote ya kwenye kipaza sauti.

Ukitoka, usirudi mjini moja kwa moja. Endelea kupandisha kama robo saa hadi mahali alipokuwa akisimama kuuchora mlima Sainte-Victoire. Mlima uko mashariki, hivyo asubuhi jua linakuwa nyuma yake na unauona kama kivuli kitupu. Chukua tiketi ya chumba ya asubuhi, na mlima uuache kwa alasiri, jua linapoupiga usoni. Kimo chake ni mita 1,011, yaani kilele kiko chini kuliko barabara za Mbeya mjini. Hata hivyo mtu mmoja aliurudia mara kadhaa wa kadhaa na hakuumaliza.

Rafiki yangu anasema vyumba hivi ni maonyesho tu, vitu vimeletwa na kupangwa. Je, ni kweli? Mgeni atajuaje?
*Msomaji, Njombe*

Rafiki yako amesema kweli kwa baadhi, na amekosea kwa vingine. Vyumba hivi viko vya aina tatu, na ni haki ya mgeni kujua yuko katika aina ipi.

Kuna kilichobaki mahali pake, kama hicho cha Cézanne. Hata hicho kilinusurika kwa juhudi za watu. Mwaka 1921 kilinunuliwa na Marcel Provence, mtu wa Aix, aliyekiacha kama kilivyokuwa, na alipofariki wapenzi wa sanaa, wengi wao Wamarekani, walichanga fedha kikaokolewa na kufunguliwa kwa watu mwaka 1954. Bila hao leo pangekuwa na nyumba za kupangisha.

Kuna kilichohamishwa. Francis Bacon alifanya kazi katika chumba cha kama mita 6 kwa 4, nambari 7 Reece Mews, London, tangu 1961 hadi alipofariki 1992. Chumba kilijaa makopo, magazeti, picha zilizochanwa na brashi zilizokauka mpaka sakafu haikuonekana, na mlango na kuta alizitumia kuchanganyia rangi. Mwaka 1998 mrithi wake alikitoa kwa jumba la Hugh Lane mjini Dublin. Walioitwa kukihamisha walikuwa wanaakiolojia pamoja na wataalamu wa uhifadhi. Walipima na kuchora mahali pa kila kitu, wakaorodhesha zaidi ya vitu 7,000, wakachukua kuta, mlango, dari na hata vumbi, wakakijenga upya na kukifungua 2001. Vitu ni vyenyewe na mpangilio ni wenyewe. Kilichobadilika ni mji. Mgeni haingii ndani, anachungulia kupitia mlangoni na vioo.

Na kuna kilichojengwa upya kwa kufuata maandishi. Rembrandt alinunua nyumba yake ya Amsterdam mwaka 1639 kwa gilda 13,000 (fedha ya Uholanzi ya wakati huo), madeni yakamshinda, na mwaka 1656 mali zake ziliandikwa chumba kwa chumba ili ziuzwe. Orodha ile ina vipengele 363. Mali zenyewe zilitawanyika. Nyumba ikawa makumbusho mwaka 1911, na miaka ya 1990 chumba cha kazi kilipangwa upya kwa kuisoma orodha. Kuta na madirisha yanakuambia mengi ya kweli kuhusu mwanga wake. Sanamu na vyombo ni vya kufananisha. Sisi tunakiheshimu chumba hicho kwa sababu kinasema wazi kilivyofanywa, na humo huonyeshwa jinsi rangi zilivyosagwa na kuchanganywa na mafuta ya kitani.

Swali la kumuuliza mwongozaji ni hili: "Kitu hiki kiliingia humu mwaka gani, na nani alikiweka hapa?" Mwongozaji mzuri atakujibu kwa furaha. Akikwepa, nawe umejua.

Kama unapenda uthibitisho wa kukanyaga, soma habari za banda la Jackson Pollock huko Springs, jimbo la New York. Alikuwa akitandaza kanvasi chini na kumwaga rangi juu yake, na rangi iliyopita ukingo iliangukia mbao za sakafu. Mwaka 1953 sakafu ilifunikwa kwa hadibodi. Ilipofunuliwa baada ya kifo cha mkewe, mchoraji Lee Krasner, rangi za picha kubwa za Pollock za miaka ile zilikutwa mbichi machoni. Wageni huvalishwa ndala laini kabla ya kuingia, kwa sababu mchanga ulioganda kwenye soli ya kiatu hukwangua rangi kama msasa.

Nachora kwa rangi za mafuta na najenga chumba changu cha kazi, mita 4 kwa 5. Kila ninaposoma habari za wachoraji wa Ulaya naona dirisha liwe kaskazini. Fundi wangu anataka kuanza kufyatua matofali wiki ijayo. Nimwambie kaskazini?
*Kijana wa Uyole, Mbeya*

Mwambie asubiri. Sheria ya kaskazini ni ya nchi zilizo mbali kaskazini mwa ikweta, kama za Ulaya, ambako jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima, hivyo upande wa kaskazini haupigwi jua la mchana. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Kwako jua la saa sita linakuwa upande wa kaskazini tangu mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba. Mwezi Juni linashuka vya kutosha kuingia ndani kupitia dirisha la kaskazini na kutua juu ya kanvasi yako. Weka dirisha kubwa kusini.

Zinabaki miezi minne na ushee, Oktoba hadi Februari, ambapo jua linahamia kusini. Hapo usihofu sana, kwa sababu linakuwa karibu utosini. Hata mwishoni mwa Desemba, saa sita mchana linainama nyuzi kama 14 na nusu tu. Paa likitokeza sentimita 60 nje ya ukuta, kivuli chake kinashuka zaidi ya mita 2, kinafunika dirisha lote. Shida ni asubuhi na jioni za miezi hiyo, jua linapochomoza na kuzama kwa upande wa kusini kidogo na kuingia kwa ubavu. Pazia jeupe la kitambaa chepesi linatosha kwa saa hizo.

Dirisha lianze mita 1.2 kutoka sakafuni na lifike mita 2.4 au zaidi, kwa upana utakaoweza. Likianzia chini, mwanga unapiga sakafu na magoti yako, na sakafu inaurudisha juu na rangi yake. Likiishia chini, nyuma ya chumba kutakuwa giza. Kioo kiwe cheupe. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu mafundi wa madirisha ya aluminiamu siku hizi huja na vioo vya kahawia au vya buluu wasipoambiwa mapema, na kioo cha rangi kitakudanganya kila siku: picha uliyoisawazisha humo ndani, ukiitoa nje utaikuta imeelemea upande mmoja. Angalia pia kilicho mbele ya dirisha. Mgomba ulio mita mbili kutoka kwenye kioo unaleta ukijani chumbani, na ukuta wa jirani wa tofali za kuchoma unaleta wekundu.

Bati la mwanga juu ya paa tusingekushauri. Linaingiza jua lenyewe pamoja na joto, na baada ya miaka michache linageuka manjano.

Kuta paka kijivu chepesi. Nunua ndoo ya rangi ya maji nyeupe isiyong'aa, ya lita 4, uongeze nyeusi kijiko kimoja kimoja ukikoroga, maana nyeusi inakula haraka na hairudi nyuma. Paka kipande cha ukuta, kiache kikauke, ndipo uamue. Kama unatumia mkono wa kulia, stendi ya kuchorea ikae ili mwanga uje kutoka kushoto, mkono usijitilie kivuli. Na kwa kazi za usiku tafuta balbu yenye alama ya CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi) ya 90 au zaidi. Balbu ya bei ndogo hufanya nyekundu kuwa kama kahawia.

Kamwene! Mimi ni mwalimu wa sanaa, nina wanafunzi 40. Tunataka kwenda Dar es Salaam kuona chumba alichofanyia kazi Edward Tingatinga. Kiko wapi, na tujiandaeje?
*Mwalimu, Mafinga, Iringa*

Kamwene, Mwalimu. Heri tukuambie mapema, kabla hamjachangisha nauli: chumba cha Tingatinga kilichohifadhiwa kama alivyokiacha hakipo. Alizaliwa 1932 Tunduru, mkoani Ruvuma, akaanza kuchora 1968 jijini Dar es Salaam, akauawa kwa risasi ya polisi kwa kudhaniwa kuwa mhalifu mwaka 1972. Kazi yote ilifanyika katika miaka minne, na picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Hakukuwa na jengo la kufunga na kutunza.

Kilichopo kwa wanafunzi ni bora zaidi kwa namna moja. Hapo hapo Oysterbay kuna karakana ya Chama cha Ushirika cha Tingatinga kilichoanzishwa 1990, na wachoraji wako kazini kila siku. Katika chumba cha marehemu unaona matokeo ya kazi, lakini pale mtaona hatua zake: mmoja anapaka usuli (rangi ya nyuma ya picha), mwingine anachora umbo la twiga, wa tatu anatia madoa. Piga simu kabla, na wagawe vijana katika makundi ya kumikumi, kwa sababu wachoraji hukaa chini na vibao karibu na magoti, na watu 40 wakiingia kwa pamoja wanaziba mwanga na kukanyaga kazi mbichi. Waombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Kila kijana awe na swali moja mkononi. Maswali mazuri ni ya kazi: kwa nini usuli unaachwa ukauke kabla ya umbo? Brashi hii umeikata mwenyewe? Ukikosea doa unalifuta vipi?

Kutoka Mafinga kwenda Dar na kurudi, mkipita Kitonga na Mikumi, ni safari ya siku tatu ukihesabu siku ya kazi katikati. Msipoteze siku hiyo kwa kufika alasiri.

Na msiende bila kujaribu wenyewe. Tingatinga alitumia hadibodi na rangi za kopo zinazong'aa, zile za kupaka baiskeli, kwa sababu ndizo zilizokuwepo na zilizokuwa rahisi. Bado ni rahisi. Hadibodi moja ya futi 4 kwa 8 inatoa vibao 32 vya futi moja, kwa hiyo nunueni mbili na mtabaki na vya akiba. Tumieni upande laini, mukwangue kidogo kwa msasa laini na kufuta vumbi. Lita moja ya rangi inatosha usuli wa vibao 40 kwa mikono miwili, yaani kupaka mara mbili. Kwa maumbo, robo lita ya kila rangi inatosha: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano, buluu.

Linaloharibu kazi za darasani karibu kila mara ni haraka. Mkono wa kwanza unaonekana umekauka juu, lakini chini bado ni laini. Ukipaka wa pili, thina yake inaufikia ule wa chini, na uso mzima unakunjamana kama ngozi ya maziwa. Dar kwenye joto usiku mmoja unatosha. Mafinga mwezi wa sita au wa saba, kwa ile baridi yenu, acheni siku mbili kati ya mkono na mkono, na vibao vilale bapa mahali pasipo vumbi. Madoa yatiwe mwisho, kwa ncha ya kijiti au mkia wa brashi, rangi ikiwa nzito. Ikiwa nyepesi inatiririka na doa linapoteza duara. Kazi zote za thina zifanyike madirisha yakiwa wazi.

Kama fedha za Dar hazitatosha, iko safari fupi. Igeleke, pembezoni mwa mji wa Iringa kwenye barabara ya Dodoma, kuna mwamba wenye michoro ya kale ya rangi nyekundu, watu na wanyama. Pale ukuta wa kazi na picha ni kitu kimoja. Wapelekeni vijana asubuhi, wakiwa na daftari na penseli, wachore wanachokiona na wapime kimo cha kila umbo kwa macho, bila kugusa. Kuna watu humwagia maji mwamba ili wekundu utokeze kwenye picha ya simu. Mkataze kabisa jambo hilo: maji huyeyusha chumvi za mawe, na zikikauka huacha utando mweupe juu ya mchoro, hautoki tena.

Baba yetu mdogo alikuwa mchoraji wa mabango na picha za makanisani, anajulikana Rungwe nzima. Amefariki mwaka huu. Chumba chake kiko vilevile na watu wanaomba kuja kukiona. Wengine nyumbani wanasema tukisafishe, tupake chokaa, ndipo tuwakaribishe. Tufanyeje? Ndaga fijo.
*Mtoto wa marehemu, Tukuyu*

Poleni sana, na tunashukuru mmeuliza kabla ya kushika ufagio. Msisafishe bado. Chokaa isahauni kabisa. Mkifagia na kupaka, mtakuwa na chumba safi ambacho hakimhusu mtu yeyote.

Kuna jambo moja tu la kutoa leo, kwa usalama: matambara yenye mafuta ya kitani na makopo ya thina. Tambara lililolowa mafuta ya kitani likirundikwa linajipasha moto lenyewe kadiri mafuta yanavyoshika hewa, na linaweza kuwaka bila kiberiti. Yapigeni picha yalipo, kisha yatoeni, myatandaze nje moja moja mpaka yawe makavu na magumu. Moja mnalotaka kulitunza litarudi likishakauka. Makopo ya thina yaliyovimba msiyafungue ndani, na taa ya kibatari isiingie humo.

Baada ya hapo pigeni picha chumba kizima. Simameni kila pembe, mpige kuta zote nne, kisha sakafu na meza kutoka juu, kwa mwanga wa dirisha pasipo taa ya simu. Wekeni rula au futi ya kupimia ndani ya kila picha ili ukubwa ujulikane. Kisha tandazeni uzi juu ya sakafu katika miraba ya mita moja, kwa urefu herufi, kwa upana namba: A1, A2, B1. Hivyo ndivyo wanaakiolojia wanavyogawa eneo. Katika daftari, kwa penseli, andikeni kila kitu kiko mraba gani na kimeelekea wapi: "Brashi ya inchi 2, B2, juu ya stuli, nywele zikielekea mlangoni." Inachosha, lakini mkishakihamisha kitu bila kuandika, hakuna atakayekumbuka. Lebo ziwe za karatasi zilizofungwa kwa uzi wa pamba. Gundi na selotepu huacha doa la kahawia lisilotoka.

Wakati huo huo mtafuteni kila aliyefanya naye kazi, mumuulize kila chombo kilitumikaje, na mrekodi sauti kwenye simu. Kopo lenye msumari pembeni halina maana kwa mgeni mpaka mtu aseme msumari ulikuwa wa kukung'utia brashi.

Adui wenu mkubwa Tukuyu ni unyevu. Karatasi na kanvasi zikikaa kwenye hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 70 kwa siku nyingi, kuvu huota, na huanzia nyuma ya picha mahali pasipoonekana. Ziondoeni picha kwenye kuta za nje, maana ndizo zenye baridi. Zisimamisheni juu ya vipande vya mbao, sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, huku hewa ikipita nyuma. Msizifunge kwa nailoni. Watu hufanya hivyo kwa nia njema, kumbe wanaufungia unyevu ndani. Shuka la pamba lililofuliwa na kukaushwa vizuri linatosha kuzuia vumbi. Siku kavu, kama saa nne asubuhi hadi saa tisa, fungueni madirisha yenye nyavu. Siku ya ukungu na mvua yafungeni. Kanvasi isiyo na fremu ikilazimu kuviringishwa, izungushieni bomba pana, upande wenye rangi ukiwa nje. Ukiwa ndani, rangi hubanwa na kupasuka.

Picha msizifute kwa kitambaa chenye maji, wala kiazi, wala mkate. Brashi kubwa laini na kavu inatosha, na mkiona vipande vya rangi vinadondoka, acheni, mpate ushauri kwanza. Iringa mjini kuna makumbusho katika jengo la Boma la tangu enzi za Wajerumani. Pelekeni daftari na picha mlizopiga, mtapata wa kuzungumza naye. Vumbi la sakafuni likusanywe kwa brashi na kizoleo, mkivaa barakoa, bila kukwangua rangi ya zamani, kwa sababu nyeupe na njano nyingi za miaka ya nyuma zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Watoto wasicheze humo.

Mchwa wakagueni kila wiki: vijia vya udongo ukutani, miguu ya meza, nyuma ya mlango. Rafu zikae mbali na ukuta, kiganja kizima kipite. Dawa ya mchwa ipigwe kwenye udongo wa nje kuzunguka msingi, isipuliziwe ndani juu ya picha. Na mvua zisianze kabla hamjapanda juu ya bati kukagua mipira ya misumari.

Wageni wapokeeni, lakini mlangoni. Fungeni kamba kiunoni mwa mlango, waangalie kutoka hapo watu watano kwa zamu, mmoja wenu akisimama ndani kuelekeza kwa mkono. Mikoba na miavuli ibaki nje. Pazia la dirisha lifunguliwe wageni wakiwepo tu, kwa sababu mwanga hufifisha rangi za mabango kila siku, hata siku ambayo hakuna anayetazama. Kama mnataka watu washike kitu, wekeni meza nje ya chumba, juu yake brashi na makopo mapya yanayofanana na ya baba yenu mdogo, na muandike wazi kwamba ni ya kufananisha.